Baridi Iliyokuja Saa Nane na Nusu

Nerio Urribarrí alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini na minane kati ya hiyo aliimaliza juu ya mapaa ya watu. Benki, maduka ya viatu, zahanati, kumbi za sinema zilizokwisha kufungwa, kote huko alipanda ngazi na mkoba wake wa spana, akatengeneza viyoyozi vile vikubwa vinavyokaa juu ya majengo, akashuka jioni ameiva kwa jua. Sisi watu wa Maracaibo, mji wa joto kali kule Venezuela, tunaweza kukosa nyama mezani mwezi mzima tukanyamaza. Tukatie baridi siku moja tu, utatusikia. Kwa hiyo fundi wa viyoyozi kwetu ni mtu na heshima zake, na Nerio aliheshimiwa. Alitaniwa pia, maana kiyoyozi cha nyumbani kwake kilikuwa kimekufa mwaka wa pili huo na hajakigusa.

"Mimi nimeolewa na fundi wa baridi," mkewe Nelva alikuwa akiwaambia wageni, huku anajipepea kwa kifuniko cha sufuria. "Ndiyo maana mnaniona nimechemka hivi."

Walikutana kwa ajili ya baridi hiyohiyo. Nelva alikuwa akiuza viatu katika duka moja la katikati ya mji, Nerio akapandishwa paani kutengeneza mashine, akaitengeneza kupita kiasi, wasichana wa dukani wakaanza kutetemeka. Nelva akatoka nje, mikono kiunoni, akamwita huko juu: "We kijana, humu ndani tumo wauza viatu, si samaki." Mwaka haukuisha wakaoana. Mtoto wao mmoja, Yoleida, alizaliwa baba mtu akiwa juu ya paa la duka la mikate, na habari akazipata saa tano baadaye, mikono imejaa grisi. Nelva alimsamehe, lakini kumsema hakuacha.

Nelva alifariki Jumanne alfajiri hospitalini, kwa maradhi ya figo yaliyomtesa miaka minne. Nerio hakuwepo kitandani. Usiku kucha alikuwa ametumwa huku na huku kutafuta mtungi wa oksijeni, na aliporudi nao alikuta shemeji yake Dexy, mdogo wake marehemu, amekaa kwenye benchi la nje ameshika viatu vya Nelva mapajani. Akaelewa. Mwili ulikuwa umeshapelekwa kwa wanaoandaa maiti. Mara ya mwisho kumwona mkewe ilikuwa jioni iliyotangulia, na barakoa ya oksijeni ilikuwa imemfunika nusu ya uso.

Yoleida alikuwa njiani. Ana miaka sita yuko Medellín, nchini Kolombia, anafanya kazi ya kusuka na kukata nywele, na Jumatatu alipoambiwa mama yake amezidiwa alipanda basi la kwanza alilolipata. Habari ya kifo ilimfikia alfajiri, basi limesimama watu wanywe kahawa. Alilia mpaka Nerio akadhani simu imekatika. Halafu akasema, sauti imekauka:

"Baba, wasimfunike kabla sijafika. Miaka sita sijamwona uso ila kwenye simu. Niahidi."

"Hawatamfunika, mwanangu. Nakuahidi."

"Mpaka saa kumi na moja hivi. Mpakani sijui watatuweka muda gani."

"Njoo wakati wowote utakaoweza. Utamkuta."

Ahadi ndiyo hiyo. Siku nzima ile Nerio aliibeba, na kila alichofanya, cha akili na cha upumbavu, alikifanya kwa ajili yake.

Saa mbili asubuhi jeneza likafikishwa kwenye nyumba ya mazishi ya Don Heberto Villasmil, ambako ndiko watu wa mtaa wetu tunakoagia maiti wetu. Lilikuwa jeneza la plaiwudi, lisilo na kioo cha kuonea uso, maana siku hizi ndilo linalopatikana. Chumba cha kuagia hakina hata dirisha moja. Kilijengwa zamani, wakati umeme ulikuwa umeme, na baridi yake yote inatoka kwenye mashine moja kubwa iliyoko juu ya paa, mashine ambayo Nerio mwenyewe ndiye aliyekuwa akiihudumia kwa miaka kumi na mitano.

Don Heberto akamvuta pembeni. Ni mtu mnene, mpole, kazi yake imemfundisha kusema mambo mazito kwa sauti ndogo.

"Mzee Nerio, pole sana. Sikufichi. Dawa ya kuhifadhi imekuwa adimu tangu Desemba, huyu tumemwekea nusu ya kipimo. Chumba kikiwa baridi atakaa vizuri mpaka kesho. Kisipokuwa baridi, saa sita, ikizidi sana saa saba, itabidi tumfunike na kuziba kwa gundi. Joto letu unalijua."

"Na baridi ipo?"

"Hapo ndipo nilipokuwa nakuja. Transfoma ya pale kona ililipuka Jumapili. Jana jioni watu wa umeme wakaja, wakafunga nyingine, umeme ukarudi. Mashine imewaka, inaunguruma kama kawaida. Lakini upepo unaotoka ni kama wa mtu anayepuliza chai."

Nerio alivua koti lake jeusi palepale. Dexy alitokeza kichwa kwenye pazia, nyuma yake wanawake wawili walikuwa wakimalizia kumpamba marehemu.

"Shemeji, unakwenda wapi? Tupe dakika kumi tu, tunamaliza nywele, uje umwone."

"Naangalia mashine mara moja."

"Watu wanakuja kukupa pole."

"Waambie niko juu."

"Miaka yote wanaambiwa hivyohivyo," Dexy akasema, akarudisha pazia.

Angesubiri zile dakika kumi. Mimi nikifikiria habari hii, hapo ndipo ninapotaka kumshika mkono yule mzee. Lakini nani angemshika? Fundi mwingine wa kumpandisha hakukuwepo. Wanne aliowafundisha kwa mkono wake, wawili wako Chile, mmoja Peru, wa nne hata jina la mji alioko huwezi kulitamka. Na zaidi ya hayo, mtu aliyefiwa akipata cha kufanya hushukuru. Kukaa kitini na kushikwa mikono na watu ndiko kunakoua.

Paani jua lilikuwa limeshashika kazi. Nerio alifungua mlango wa bati wa ile mashine, akaisikiliza. Kompresa, ule moyo wa mashine, ilikuwa ikidunda sawasawa. Feni za nje zinazotoa joto zilikuwa zikitupa hewa ya moto juu vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye feni ya ndani, ile iliyofichwa sandukuni na kuendeshwa kwa mkanda, ambayo kazi yake ni kusukuma hewa baridi ishuke chumbani. Ilikuwa ikizunguka. Mota inazunguka, mkanda unazunguka, gurudumu linazunguka mpaka halionekani, na upepo hakuna.

Akaanza na machujio. Akayatoa yote manne, yalikuwa na vumbi la kawaida, akayapiga ukutani, akayarudisha. Hakuna tofauti. Akasema basi ni mkanda unateleza. Akatembea mpaka upande wa pili wa paa, kwenye swichi kubwa karibu na ngazi, akazima, akarudi, akaukagua. Ulikuwa umelegea kidogo. Akaukaza, akaenda kuwasha, akarudi, akaweka kiganja. Upepo wa kupuliza chai.

Akabana kipimo chake kwenye waya wa mota. Mota ilikuwa ikivuta umeme kidogo, kidogo kuliko ilivyozoea. Siku nyingine yoyote Nerio angesimama hapo, angejikuna kichwa, angejiuliza kwa nini feni inafanya kazi nyepesi hivyo. Siku ile akaona ni habari njema. Akajiambia mota haijachoka, tuangalie kwingine.

Na kwingine alikuta barafu. Mabomba ya ndani yalikuwa yameota barafu nyeupe kwa kukosa hewa ya kupita, na yeye akasema ndiyo hii, hii ndiyo inayoziba. Ukweli ni kwamba barafu ilikuwa imeletwa na ule upepo dhaifu, ila yeye akaigeuza kuwa chanzo. Akazima mashine, akaomba ndoo za maji, akaanza kuiyeyusha kwa kopo, kopo baada ya kopo, shati jeupe la msiba limelowa na kumganda mgongoni. Saa nzima ikaenda.

Saa tano Dexy akapanda ngazi mpaka kifuani, akaweka kikombe cha kahawa juu ya ukingo wa paa.

"Yuko tayari. Amependeza. Njoo."

"Barafu hii ikiisha tu."

"Huko nje wazee wameshaanza vichekesho vyao. Wanasema Nelva kaolewa na fundi wa baridi na hata leo anachemka."

Ni desturi yetu. Maiti yuko ndani, nje watu wanatoboleana siri na kucheka, kahawa na biskuti na jibini mkononi, na mfiwa ndiye anayetakiwa kucheka kuliko wote. Nerio alitabasamu kidogo.

"Waambie wasubiri. Nitawagandisha wote."

"Kunywa kahawa basi."

Hakuinywa. Barafu ilipoisha akawasha, na kwa dakika kumi upepo ulionekana kama umeongezeka, moyo wake ukaruka. Akashuka ngazi nusu ili awaambie. Halafu akasikia ile sauti ya hewa ikififia, akapanda tena.

Saa sita na robo Yoleida akapiga simu. Wako mpakani, foleni haisogei, amekaa juu ya begi lake.

"Baba, uko naye?"

"Niko hapa," Nerio akasema. Akajua amedanganya.

"Bado yuko wazi?"

"Yuko wazi. Njoo tu."

Akabadilisha mkanda, akaweka mpya aliokuwa nao mkobani. Akagusa beringi moja moja, hazikuwa na moto wala kelele. Akapima njia zote tatu za umeme, kila njia ilikuwa na nguvu zake kamili, na hilo lilimchanganya zaidi, maana kwetu kupata umeme mzuri namna ile ni ajabu. Wazo kwamba njia zile tatu huenda zimefungwa kwa mpangilio usio wake, njia ya kwanza ikakaa mahali pa ya pili, lilimjia na akalifukuza. Mashine zile zina kidude ndani ya sanduku la umeme ambacho mafundi wanakiita mlinzi. Watu wa umeme wakichanganya njia, mlinzi hukataa, na mashine haiwaki kabisa. Mashine hii imewaka. Kwa hiyo njia ziko sawa. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na ungemuuliza fundi yeyote wa vitabuni angekujibu hivyohivyo.

Saa saba Don Heberto akapanda mwenyewe, mtu mnene vile, anahema, kitambaa mdomoni.

"Mzee, hatuwezi tena."

"Nipe nusu saa."

"Kuna watoto mle ndani. Na wewe hutaki watu wamkumbuke mkeo namna hiyo."

"Heberto, binti yangu yuko mpakani. Nimemwahidi. Nusu saa tu, sikuombi kitu kingine maishani."

Don Heberto alimtazama, akatazama zana zilizotapakaa juu ya paa lake, akatikisa kichwa kukubali. Nusu saa ile Nerio alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alifungua alichokwisha kufungua. Alikaza alichokwisha kukaza. Akakisafisha tena kitu ambacho asubuhi hakikuwa kichafu, na bisibisi ikawa inakosa skrubu.

Saa saba na nusu ikafika. Akasikia ngazi inalia, na sauti ya Dexy, sasa bila utani wowote.

"Shemeji, wanafunga. Shuka umuage."

"Wazuie. Nimeshakaribia."

"Watu wanaziba pua, Nerio." Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. "Dada yangu wanamzibia pua. Shuka sasa hivi."

Nerio alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili imo ndani ya mashine. Alijua kabisa anachoambiwa. Lakini moyoni mwake kushuka kulikuwa ni kukubali, na akikubali ndiyo basi, ahadi imekufa, amemdanganya mtoto. Akiendelea kushikilia, huenda dakika tano zijazo feni ikavuma, na wote wakasema ahaa. Akili ya mtu mwenye uchungu hufanya hesabu zake yenyewe.

"Dakika tano," akasema, bila kugeuka.

Dexy akashuka.

Nerio hakusikia nyundo wala kitu. Alisikia tu wazee wa nje wameacha kucheka, wote kwa pamoja, na akajua. Hapo nguvu zikamwisha. Hakuweza hata kutembea mpaka kwenye ile swichi ya karibu na ngazi kuizima mashine. Alinyoosha mkono palepale alipokuwa amechuchumaa, akachomoa waya mdogo unaoamrisha mashine, mashine ikanyamaza, naye akabaki ameegemea mlango wa bati, analia bila sauti, macho yameelekea kwenye gurudumu la feni kwa sababu ndilo lililokuwa mbele yake.

Asubuhi nzima kila alipozima kule mbali na kurudi, gurudumu alilikuta limeshasimama. Sasa kwa mara ya kwanza aliliona likipunguza mwendo. Mapanga yake ni madogo, mengi, yamepinda kama viganja vinavyochota maji. Yakaanza kuonekana moja moja. Na Nerio aliona kwamba hayakuwa yanachota. Yalikuwa yanakwenda kwa mgongo.

Feni ilikuwa ikizunguka kinyumenyume. Feni ya namna ile ukiizungusha kinyume haigomi wala haipigi kelele. Inaendelea kusukuma upepo kidogo upande uleule, mota inavuta umeme kidogo kwa sababu haina mzigo, na kila kitu kinaonekana kizima. Kompresa ya zamani kama ile haijali mpangilio wa njia, na zile feni za nje zina umeme wake wa njia mbili, nazo hazikuona tofauti. Waliofunga transfoma walikuwa wamechanganya njia, na njia zikichanganywa mota hugeuka kinyume. Kosa la dakika tatu, na dawa yake dakika tatu.

Lakini mlinzi je? Mbona hakukataa?

Nerio aliinuka, akafungua sanduku la umeme, ambalo siku nzima hakulifungua, maana njia alizipimia kule kwenye swichi. Mlinzi alikuwepo pembeni, taa yake imezimika, na juu yake umepita waya mwekundu, kutoka upande mmoja hadi wa pili, umemruka kama hayupo. Ncha za waya zilikuwa zimezungushiwa utepe mara tatu, na mwisho wa utepe umekunjwa kwa ndani ili usiachie. Katika Maracaibo nzima kulikuwa na fundi mmoja anayekunja utepe namna hiyo.

Akakumbuka. Miaka mitatu nyuma, kipindi kile umeme ulikuwa unakuja na kuondoka mara kumi kwa siku, mlinzi alikuwa akikata mashine kila saa. Don Heberto alimwomba, akamsihi, maiti wanaharibika, fanya lolote. Na Nerio akafanya walichokuwa wakifanya mafundi wote wa mji huu, nyumba kwa nyumba, duka kwa duka: alimruka mlinzi kwa kipande cha waya, akamwambia Don Heberto umeme ukitulia nitakuja kumrudisha mlinzi. Umeme haukutulia. Naye akasahau. Laiti mlinzi angekuwa kazini, asubuhi ile mashine isingewaka, na Nerio angejua shida ni nini kabla kahawa haijachemka.

Ilipita karibu saa nzima kabla hajaweza kuzima swichi kubwa na kubadilisha nafasi za waya mbili kati ya tatu. Akarudisha ule waya mdogo, akawasha. Gurudumu likazunguka, likashika kasi, na mlio wake ukawa mwingine kabisa, mzito, wenye kifua. Akaweka kiganja. Upepo ulimsukuma mkono. Ilikuwa saa nane na nusu.

Aliposhuka, chumba kilikuwa kimeanza kuingia baridi. Watu waliokuwa wametoka nje walirudi ndani, wanashusha pumzi, na bibi mmoja ambaye hakujua lolote akamwambia Mungu akubariki fundi. Jeneza lilikuwa limefunikwa. Gundi nyeupe ilikuwa imezunguka kifuniko chote, bado haijakauka vizuri. Nerio aliweka mkono juu ya mbao, akauacha hapo.

Don Heberto alikuja kusimama karibu naye. Nerio akamwambia kila kitu, ule waya na utepe wake.

"Mimi ndiye niliyekuomba uufunge," Don Heberto akasema.

"Na mimi ndiye niliyeufunga. Usigawane nami mzigo huu, Heberto. Huu ni wangu wote."

Akaketi kwenye kiti cha mfiwa, kile alichotakiwa kukikalia tangu saa mbili. Watu wakaja kumshika mikono. Aliwashika. Kuna waliosema mkewe amepumzika, akaitikia. Shati lilimkaukia mwilini, na mnamo saa kumi baridi ilikuwa kali kiasi kwamba Dexy alimletea lile koti jeusi, akamvika mwenyewe, maana yeye hakuinua hata mkono.

Yoleida alifika saa kumi na moja kasorobo. Aliingia na begi mgongoni, vumbi la njia hadi kwenye kope, akakimbia kati ya viti, na alipoona kifuniko akasimama.

"Mbona amefunikwa?"

Akamtazama baba yake.

"Baba, ulisema yuko wazi. Saa sita uliniambia yuko wazi."

"Saa sita alikuwa wazi."

"Basi wafungue. Nimekuja. Waambie wafungue, mimi sijali hali aliyonayo."

Dexy akamshika mabega. "Hapana, mwanangu. Usiombe hilo. Mama yako wa saa sita na wa sasa si mmoja. Mwache."

"Humu ndani kuna baridi," Yoleida akasema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Kuna baridi kama friji. Kwa nini wamemfunika na baridi ipo?"

Nerio akainuka. Angeweza kusema ni transfoma, na watu wote mle ndani wangemuunga mkono. Akasema, "Baridi imekuja saa nane na nusu. Yeye wamemfunika saa saba na nusu. Kosa ni langu. Kuna waya niliufunga vibaya zamani, nikausahau, na leo umenipoteza siku nzima. Nilikuahidi nikashindwa. Ukitaka kunichukia una haki."

Yoleida alimtazama baba yake muda mrefu, shati limejaa matope ya vumbi na maji chini ya koti zuri, mikono imechanika. Hakumchukia. Ingekuwa nafuu kwake Nerio kama angemchukia. Alivua begi, akaketi sakafuni pembeni ya jeneza, akaegemeza kichwa kwenye mbao, na baada ya kulia vya kutosha kwa wakati ule akauliza, taratibu, kama mtu anayeomba maji:

"Niambie basi. Alikuwaje? Uso wake ulikuwaje?"

Nerio akafungua mdomo. Alitafuta. Aliona barakoa ya oksijeni. Akaona mabomba yenye barafu, mkanda, gurudumu. Asubuhi yote, mita nne juu ya kichwa cha mkewe, na hakushuka hata mara moja.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sikumwona."

"Hukumwona?"

"Nilikuwa naitengeneza baridi."

Juu yao ule upepo ulivuma. Nerio alijishusha polepole mpaka sakafuni, magoti yanamuuma, akaketi karibu na binti yake. Wote wawili wakamtazama Dexy.

Dexy alivuta kiti, akakaa mbele yao. Alijifuta pua kwa leso.

"Nywele tulizichana kwa nyuma," akaanza, "zikaonekana masikio. Halafu nikaona hapana, masikio yake hakuyapenda, nikazirudisha mbele. Tulimvisha gauni la kijani. Uvimbe wa usoni ulikuwa umeshuka, alionekana mwembamba, kama alivyokuwa wakati unasoma shule. Midomoni nilimpaka ile rangi nyekundu iliyokolea."

"Alikuwa anaipenda sana ile," Nerio akasema.

"Alikuwa haipendi hata kidogo, shemeji. Aliipaka kwa sababu ulimnunulia wewe."

Yoleida alitoa kicheko kidogo kilichovunjika katikati, akamshika baba yake mkono. Nerio alicheka pia, kisha akainamisha kichwa na koti likaanza kutikisika mabegani mwake.

"Endelea," akasema, alipoweza. "Tuambie na macho. Yalikuwa yamefumba vizuri?"

"Yalikuwa yamefumba vizuri," Dexy akasema, akaanza upya tangu kwenye nywele, polepole zaidi, na hao wawili wakamsikiliza bila kumkatiza.